Mbwa na Hatari ya Mbegu za Nyasi

Mvua za masika zikiisha, na jua la mwezi wa Juni likianza kukausha majani kando ya mashamba, mkulima hutazama mahindi yake, hutazama ng'ombe wake, tena hutazama ghala kama iko tayari kwa mavuno. Ni wachache wanaokumbuka kumtazama mbwa. Mbwa hulala nje, hula mabaki ya chakula, na usiku hubweka. Maadamu anabweka, hapana anayeuliza habari zake. Lakini majuma hayo ambayo nyasi hukauka na kukomaza mbegu ndiyo majuma ambayo mbwa huanza kuchechemea, au kutikisa kichwa, au kupiga chafya mfululizo, au kujilamba mguu mmoja mchana kutwa. Hali hiyo hurudi tena mwezi wa Januari, baada ya mvua za vuli.

Mwenye mbwa husema ameumwa na siafu, au amechomwa na mwiba, au amepigwa jiwe na watoto wa jirani. Mwingine, akiona mate yakimtoka, husema ana kichaa, akaenda kutafuta rungu. Wala si ajabu ikiwa sababu yenyewe ni mbegu ya nyasi isiyozidi punje ya mchele kwa unene.

MSHALE USIORUDI NYUMA

Katika nchi ya Machakos na Kitui, na mahali pengi penginepo penye joto na ukame, humea nyasi ambazo wataalamu wa mimea huziita Heteropogon contortus. Mchungaji huzijua bila ya jina hilo, kwa kuwa zikikomaa mikia ya mbegu zake hujisokota pamoja kama kamba ya rangi ya kahawia, na mtu apitaye katikati yake hutoka na mbegu zimemchoma kupita soksi hata zikafika kwenye ngozi.

Mbegu hiyo imeumbwa kwa namna ya kustaajabisha. Mbele ina ncha kali kama sindano, na kuizunguka ncha kuna vinyweleo vigumu ambavyo vyote vimeelekea nyuma. Nyuma ina mkia mrefu uliojinyonga. Mkia huo ukipata unyevu hujifungua, ukikauka hujinyonga tena. Na kwa kila mzunguko ncha husukumwa mbele, kama keekee ya seremala inayotoboa ubao. Anayetaka kuhakikisha haya na aokote mbegu moja iliyokauka, aiweke juu ya kiganja, aidondoshee tone la maji. Baada ya muda mfupi ataiona ikigeuka yenyewe kama kitu chenye uhai.

Mmea haukupata chombo hicho kwa ajili ya kuwatesa wanyama. Kazi yake ni kuichimbia mbegu ardhini, ili moto wa nyika ukipita juu usiiunguze, na mvua ikija iote. Lakini mbegu haipambanui udongo na ngozi. Ikiangukia manyoya ya mbwa, kila hatua anayopiga na kila anapojikuna huisukuma mbele kidogo, na vile vinyweleo huizuia isirudi nyuma hata kidogo. Wakamba, ambao sifa yao ya upinde yajulikana Kenya nzima, walikuwa na mishale yenye meno namna hiyo: huingia kwa wepesi, wala haitoki ila kwa kuchana nyama.

Si nyasi hizo peke yake. Zile nyasi nyekundu za nyanda za Athi na Laikipia, zipendwazo sana na ng'ombe, nazo zina mbegu yenye ncha na mkia uliojinyonga. Katika mashamba ya ngano huota shayiri-mwitu, ambayo mkia wake umepindika kama goti; na shayiri yenyewe, kama ile ilimwayo Timau na Mau Narok, ina ndevu zenye meno madogo ambayo mtu huyahisi akizipitisha katikati ya vidole. Kisha kuna lile gugu linalojulikana na kila mtoto wa shule, kishona nguo, ambalo Wakikuyu huliita mucege. Mbegu yake nyembamba nyeusi ina pembe mbili au tatu zenye meno yaliyoelekea nyuma. Gugu hili halizami mwilini kama nyasi za mkia, lakini hukusanyika kwa wingi nyuma ya masikio na chini ya makwapa, manyoya yakashikamana kama mkeka, ngozi iliyo chini yake ikalowa na kuoza, na nzi wakapata mahali pa kutaga mayai.

Hapa yafaa kutaja jambo moja la furaha, maana magugu hayakuleta hasara tupu. Mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, jina lake George de Mestral, alirudi kutoka matembezini akaona manyoya ya mbwa wake yamejaa mbegu za gugu lenye kulabu. Badala ya kuzing'oa na kuzitupa tu, alizitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Kutokana na kulabu alizoziona akabuni ule utepe wa kufungia viatu na mikoba ambao hushikana ukibanwa na kutoa mlio ukibanduliwa. Mbwa wake, kwa bahati yake, alikuwa na bwana mwenye desturi ya kumkagua.

NJIA ZINAZOPITIWA

Mahali ambapo mbegu huingia mara nyingi ni miguuni, katikati ya vidole, kwa kuwa pana ngozi laini na manyoya yanayonasa kila kitu. Siku ya kwanza haionekani ila mbwa kulamba. Siku ya tatu au ya nne hutokea uvimbe mwekundu, laini, mfano wa zabibu. Kisha uvimbe hupasuka, hutoka maji yenye damu na usaha, na mwenye mbwa hufurahi akidhani jipu limepona. Halikupona. Mbegu ingali ndani, na tundu likiziba yenyewe huendelea na safari. Huweza kupanda kutoka kidoleni hata juu ya kifundo, ikitoboa tundu jingine mahali ambapo hapana anayekumbuka kuwa ndugu yake ni lile la kwanza.

Sikio ni njia ya pili. Mfereji wa sikio la mbwa haukunyooka kama wa mwanadamu. Hushuka kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani. Mbegu ikianguka humo haiwezi kupanda tena. Kila mbwa akitikisa kichwa huzidi kushuka, hata ifike kwenye kile kiwambo chembamba cha kusikilia, na huweza kukitoboa. Mbwa wa namna hii hulaza kichwa upande mmoja, hulia akishikwa sikio, wala halali usiku. Mbwa wenye masikio marefu ya kulegea, na hao walio na manyoya marefu, ndio wanaopatwa zaidi. Mbwa wa kienyeji mwenye masikio ya kusimama na manyoya mafupi ana nafuu, lakini nafuu si kinga.

Puani mambo huwa ya ghafula. Mbwa aliyekuwa akinusa majani mara huanza kupiga chafya kwa nguvu, moja juu ya nyingine, akisugua pua chini, na pengine damu hutoka tundu moja. Baada ya siku moja au mbili chafya hupungua. Watu wengi hudanganyika hapo. Kupungua kwa chafya si ushahidi kwamba mbegu imetoka. Yawezekana imeingia ndani zaidi, na baada ya majuma kadhaa tundu lile lile litaanza kutoa kamasi nzito yenye harufu mbaya. Dalili ya tundu moja tu yafaa kukumbukwa, kwa maana mafua ya kawaida hutokea matundu yote mawili.

Jichoni mbegu hujificha nyuma ya kope, hasa nyuma ya lile kope la tatu ambalo mbwa analo kwenye pembe ya ndani. Jicho hufungwa, machozi hutiririka, na mbegu ikikwaruza kioo cha jicho mchana na usiku huweza kuharibu macho kabisa katika siku chache. Jicho lililofungwa jioni halifai kungojewa mpaka siku ya mnada.

Njia iliyo mbaya kupita zote haionekani kwa nje. Mbwa akimkimbiza sungura katika majani marefu, kinywa wazi, huweza kuvuta mbegu pamoja na pumzi. Mbegu hufuata njia ya hewa hata mapafuni, hutoboa pafu, na katika mbwa wengine imefika hata chini ya uti wa mgongo, karibu na kiuno, ikafanya jipu kubwa huko. Mbegu hubeba vijidudu kutoka majani na kinywani, navyo huzaliana popote ipitapo. Mbwa hukonda, hukohoa, huwa na homa inayokuja na kuondoka. Daktari akimpa dawa ya kuua vijidudu hupata nafuu, dawa ikiisha ugonjwa hurudi. Wala picha ya eksirei haiwezi kuionyesha mbegu yenyewe, kwa kuwa ni kitu cha mmea, si mfupa wala chuma. Jipu lirudilo kila dawa inapokwisha ni neno la kumweleza daktari mapema, pamoja na habari ya mahali mbwa alipokuwa akizurura.

MATE YAKIMTOKA

Kuna jambo moja linalotaka hadhari kuu. Mbegu ikinasa katika ufizi, au chini ya ulimi, au kooni, mbwa hutokwa na mate, hujikuna kinywa kwa mguu, hukataa chakula, na pengine hushindwa kumeza maji. Hizo zote zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa kimejulikana Kenya tangu mwaka 1912, ambapo kilithibitishwa katika mbwa mmoja karibu na Nairobi, na hata leo hakijaisha. Serikali ilitangaza mpango wa kukimaliza kwa wanadamu kati ya mwaka 2014 na 2030. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Kwa hiyo haifai kabisa mtu atie mkono katika kinywa cha mbwa anayetokwa na mate ili kutafuta mbegu, hata kama ana hakika kwamba aliona majani mdomoni. Wala haifai kumwua papo hapo kwa hofu tu. Mbwa na afungiwe peke yake mahali imara, watoto wazuiwe wasimkaribie, na habari ipelekwe ofisi ya mifugo bila ya kukawia, ili mtu aliyefundishwa aje kuamua.

Ikiwa mbwa amekwisha kumwuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya sindano za kinga. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka humwondolea bwana wake sehemu kubwa ya mashaka hayo. Akitokwa na mate, daktari huanza kufikiri mbegu au mfupa kabla ya kufikiri kichaa.

UKAGUZI WA JIONI

Kwa kuwa mbegu haiwezi kurudi nyuma, saa chache za kwanza, ingali juu ya manyoya, ndizo zenye faida kuliko dawa yo yote ya baadaye. Kazi ya kuitafuta haichukui zaidi ya dakika tano. Yafaa ifanyike jioni kabla mbwa hajalala, kwa sababu usiku kucha akijilamba na kujigaragaza huisukuma ndani.

Mkaguzi na aanze na miguu, maana ndiko kwenye hatari zaidi. Ashike mguu mmoja mmoja, atenganishe vidole kwa kidole gumba, atazame juu na chini, hata nyuma ya kile kidole cha juu kisichogusa ardhi. Kisha apitishe vidole polepole kwapani, kinenani, chini ya mkia na sehemu za siri, mahali ambapo watu huona haya kutazama na ambapo mbegu haioni haya kuingia. Masikio ayainue na kuyatazama mchana ungalipo, au kwa tochi. Mbegu iliyo juu ya manyoya itolewe kwa vidole au kwa chanuo. Iliyoanza kuingia ngozini, na mkia wake ungali nje, ishikwe kwa kibano karibu sana na ngozi, ivutwe kwa kufuata mstari ule ule ilioingilia, polepole, isikatike. Ikikatika ncha ikabaki ndani, kazi imekuwa ya daktari. Mahali ilipotoka paoshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo.

Kizuizi kikubwa si ugumu wa kazi. Ni kwamba mbwa wengi wa mashambani hawakuzoea kushikwa. Mbwa ambaye hakuguswa tangu kuzaliwa ila kwa fimbo hatakubali mguu wake uchunguzwe siku una maumivu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa ashikwe miguu, masikio na midomo kila siku kama mchezo, tena na yule yule mtu ampaye chakula. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni kijana mchungaji, naye hufanya ukaguzi huo vizuri kuliko baba mwenye nyumba, mradi aelezwe sababu.

Manyoya marefu yaliyo katikati ya vidole na kwenye mdomo wa sikio yafaa kupunguzwa kwa mkasi kabla ya msimu wa mbegu. Mkasi uwe wa ncha butu.

Kuna mambo ya kujihadhari nayo. Asimwage mtu mafuta ya taa, wala mafuta machafu ya gari, katika sikio au kidonda; huunguza ngozi, na kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka yatapita hata ndani. Asijaribu kuchokoa sikio kwa njiti, wala kutoa kitu jichoni kwa kibano. Asilipasue jipu kwa wembe wa kunyolea. Daktari wa mifugo ana dawa ya kumlaza mbwa usingizi, ana chombo chenye taa cha kutazamia katika mfereji wa sikio na pua, na koleo nyembamba ndefu. Kazi ambayo nyumbani humtesa mbwa nusu siku na kuishia kwa mtu kuumwa, kwake huwa fupi. Wengine husema gharama ni kubwa kwa ajili ya mbwa. Maneno hayo husemwa mpaka nguruwe-mwitu wanapoingia katika shamba la mihogo usiku mmoja, na mlinzi amelala na mguu uliovimba.

KUZUNGUKA NYUMBA

Ni heri kufyeka kuliko kukagua. Nyasi za kuzunguka nyumba, za kando ya kijia kiendacho mtoni na za karibu na zizi zikatwe kabla ya kutoa maua, wala si baada ya kukauka. Kuzifyeka zikiwa zimekomaa ni kuzipanda. Mbuzi wakifungwa hapo mapema, majani yangali laini, hufanya kazi hiyo bila ya malipo. Kishona nguo ling'olewe likiwa bado na maua, kwa kuwa mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu, na mbegu zake hukaa udongoni zikingoja jembe.

Afyekaye asisahau jalalani. Penye taka na samadi ya zamani hupenda kuota mimea miwili ambayo hatari yake ni ya namna nyingine, maana yenyewe haichomi bali ina sumu. Wa kwanza ni mbarika, ule unaotoa mafuta ya kuharishia. Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hayana sumu hiyo, lakini punje zake zikitafunwa, na hata makapi yaliyobaki baada ya kukamua ikiwa hayakupikwa kwa moto wa kutosha, huweza kumwua mbwa. Makapi hayo hutumika kama mbolea, na mbwa hupenda harufu yake. Mbwa aliyekula hutapika na kuharisha, pengine damu, baada ya saa kadhaa au hata siku ya pili. Hapana dawa ya kuivunja sumu yenyewe, ila daktari akimwahi huweza kumsaidia mwili wake ustahimili. Wa pili ni mnanaha, wenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba. Huyo aliyekula mnanaha mboni zake hupanuka sana, kinywa hukauka, naye huyumba kama mlevi. Watoto wa mbwa, ambao hutafuna kila kitu meno yanapoota, ndio wa kuangaliwa zaidi.

Mbwa mzima akila majani mabichi na kutapika asidhaniwe mara moja kuwa amekula sumu. Mbwa wengi wenye afya hula majani. La kutazama ni majani gani, na kama yana mbegu.

Limebaki jambo la malazi. Watu wengi wenye huruma humtandikia mbwa majani makavu katika kibanda chake, nao hawajui kwamba majani yale waliyofyeka jana kando ya shamba yamejaa mbegu zilizokomaa, na mbwa atajigaragaza juu yake usiku kucha. Gunia kuukuu linatosha, likung'utwe na kuanikwa juani kila juma. Na asiye na gunia atandike maganda makavu ya mahindi.